Manyoya ya paka yakifunga mafundo, weka makasi chini kwanza

Bandugu watumikaji, na ninyi bamama na batoto wa kambi, leo sitasema juu ya mishahara. Nimekwisha kusema juu yake mara nyingi, na nitasema tena. Leo nataka kusema juu ya paka. Kuna wale watacheka, najua. Rafiki mumoja wa ekipe yangu, nilipomwambia, alishika kaske yake mikononi akaniangalia: "Delege, prime ya hatari haiyatoka, na weye uko unaandika maneno ya paka?" Nilimjibu kwamba mu nyumba yake kuna paka, ile inayolala juu ya mufuko wa bunga ili panya wasiutoboe. Kama ile si kazi, aniambie kazi ni nini. Alinyamaza, kisha akasema kwamba paka yake pia iko na kitu kigumu nyuma ya masikio, na bibi yake anataka kuikata na wembe.

Njo juu ya wembe huo ninaandika.

Mimi mwenyewe nilikosa. Ku nyumba tuko na paka mumoja dume, manyoya marefu, mweupe na majivu. Hakuzaliwa kwetu. Kulikuwa mu mji injenieri mumoja mugeni, kontra yake ikaisha, akarudi kwao, paka akabaki kwa mulinzi wa lango. Mulinzi naye alikuwa na batoto saba na hakuwa na samaki ya kumupa, basi akatuletea sisi. Kwa wiki moja ule weupe uligeuka rangi ya udongo wetu. Batoto wakamwita Kapita, sababu anakaa juu ya ukuta asubuhi mpaka jioni na kuangalia wengine wakitumika.

Paka zetu za hapa, zile za manyoya mafupi, zinajitengeneza zenyewe. Nilifikiri huyu pia ni vile. Tulimupa chakula, tukamuacha. Kiangazi kikapita chote. Mwisho wa mwezi wa tisa, binti yangu wa miaka 13 akanifuata: "Papa, Kapita iko na mawe mu kwapa." Nikapitisha kidole. Kweli, kitu kigumu, kikubwa kama kokwa ya embe, na kingine upande wa pili. Nilifikiri ni jipu. Hapana. Yalikuwa manyoya, yamesokotana na vumbi la miezi mpaka yakawa kama kipande cha zulia.

Nilikuwa nimetoka kazi ya usiku. Macho mazito, hamu ya kulala. Nikachukua makasi ya jikoni, nikaambia kijana wangu mukubwa ashike paka. Nikavuta fundo juu ili nione pahali pa kukata. Nikakata.

Ngozi ya paka si kama ngozi ya mbuzi. Ni nyembamba sana, na haikushikamana na nyama chini, inateleza, inavutika. Ukivuta fundo juu, ngozi nayo inapanda ndani ya fundo kama kitambaa cha hema kinavyopanda ku mti wa katikati. Wewe unaona manyoya tu. Nilikata manyoya na ngozi pamoja. Kidonda kilifunguka upana wa vidole viwili, na kwanza hakikutoa hata damu nyingi, nilikuwa ninaona tu kitu cheupe na pinki nisielewe ni nini. Kapita alimuuma kijana ku mukono, akakimbilia chini ya malata nyuma ya nyumba. Wajeruhi wawili kwa dakika moja, na mimi njo yule anayesimama mbele ya watu asubuhi kufundisha usalama ku kazi.

Mu miaka yangu ya udelege nimeandika ripoti nyingi za ajali. Zinafanana. Mutu alichoka, alitaka kumaliza haraka, alichukua chombo kilichokuwa karibu pahali pa kile kinachofaa, na hakuona kilichokuwa nyuma ya kile alichokuwa anakata. Ningeandika ile yangu, nisingebadilisha hata mustari mumoja.

Kabla ya kuendelea, neno juu ya mukono wa kijana, maana hili ni kubwa kuliko paka. Paka akiuma ao akikwaruza mpaka damu itoke, osha kidonda mara moja na maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa, si kusuuza tu. Halafu nenda ku sentre ya afya siku ileile. Kichaa cha mbwa kinapita pia kwa paka, na mutu akianza kuonyesha alama za ugonjwa huo, karibu kila mara anakufa. Chanjo inasaidia mbele ya alama, si nyuma. Zaidi ya hayo, meno ya paka ni kama sindano: yanaingiza uchafu ndani na tundu linafunga juu, mukono unavimba kesho yake. Kijana wangu alichomwa sindano zote alizopaswa, amepona.

Kapita alishonwa. Munganga wa wanyama hakunigombeza. Alisema tu kwamba kidonda cha makasi ku kwapa ao ku tumbo anakiona sana, na wanaokileta ni watu wanaopenda paka wao. Malipo yalikuwa bei ya mufuko wa bunga. Binti yangu hakunisemesha siku tatu.

Sasa, mafundo yanatoka wapi? Ulimi wa paka una vimiiba vidogo mamia, vinavyoangalia nyuma. Unavisikia akikulamba. Mu mwaka wa 2018 watafiti wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha kwamba ncha za vile vimiiba ziko na mufereji ndani, kama kijiko kidogo: zinabeba mate toka kinywani mpaka chini ya manyoya, karibu na ngozi. Njo vile paka anajiosha, na anatumia sehemu kubwa ya muda wake wa kuwa macho kwa kazi hiyo. Lakini urefu wa kimiiba una mwisho wake. Kwa paka wa jamii ya manyoya marefu na mazito, kama wale wa Uajemi, manyoya ni mengi kuliko kimiiba kinavyofika. Chini kuna manyoya laini ya kukinga baridi. Haya yanakufa na kung'oka kila wakati. Kwa paka mufupi yanaanguka ku kiti chako na ku salopete yako. Kwa paka murefu yanashikwa na yale marefu ya juu, yanasokotana pahali ngozi inasuguana: makwapa, kati ya mapaja, nyuma ya masikio, chini ya shingo, ku tumbo, na ule upande wa nyuma chini ya mukia. Ongeza vumbi letu la kiangazi. Ongeza zile mbegu nyeusi zinazoganda ku suruali ukipita mu majani.

Fundo dogo halimuumizi sana. Lakini kila hatua anayotembea linavuta ngozi, na linakaza. Fikiri mutu amekufunga nywele zote za kichwa kwa kamba na anavuta kidogo, usiku na mchana, hata ukilala. Chini ya fundo hewa haipiti. Ngozi inakuwa nyekundu, inaloa, inafanya vidonda, viroboto wanajificha pale. Wakati wa mvua, kama fundo liko karibu na mukia na lina uchafu, nzi wanataga ndani na funza wanaanza kula ngozi ya mnyama angali muzima. Ukisikia harufu mbaya ya kuoza, ao ukiona maji yanatoka chini ya fundo, usifanye kitu ku nyumba. Beba kwa munganga siku hiyohiyo.

Kufungua fundo nilifundishwa na watu wawili: yule munganga, na bibi yangu. Munganga alieleza, lakini bibi njo alikuwa tayari anajua. Alinitazama nikihangaika na chanuo, Kapita akinikoromea, akasema: "Papa, weye haujasuka mutoto hata siku moja. Shika ku shina!" Bamama wote munajua hii. Mama akichanua binti mwenye nywele zimefungana, anashika nywele kwa mukono mumoja karibu na kichwa, ili mvuto ubaki mu mukono wake usifike ku ngozi. Na haanzii ku shina. Anaanzia ku ncha, anapanda polepole. Kwa paka ni vile vile kabisa.

Chagua saa paka amekula na amechoka, si saa anataka kutoka. Muweke juu ya magoti ao juu ya meza yenye kitambaa asiteleze. Mutu wa pili anamubembeleza kichwa, hamukazi. Kama ana hasira, mufunge mu taulo ao kitenge cha zamani, toa nje upande ule tu unaotumikia. Usimwage maji! Hili ni kosa la kwanza la watu wengi, wanafikiri kuosha kutalegeza. Fundo likiloa, linakaza likikauka, kama kamba ya katani. Tia kwanza unga laini wa mahindi, ule mweupe wa kutengenezea uji mwepesi wa mutoto, Maïzena, kidogo tu kati ya vidole, ukisugua ndani ya fundo. Unafanya manyoya yateleze. Nilijaribu na bunga ya bukari, ilileta sisimizi, basi. Talki sikuitumia, maana vumbi lake si zuri kuvuta, kwa paka hata kwa weye.

Halafu vidole. Vidole kwanza, chanuo nyuma. Banda shina la fundo kati ya kidole gumba na cha kwanza, na kwa mukono mwingine gawanya fundo kuwa mafundo mawili, matatu, ukivuta pembeni, si juu. Kila kipande kikilegea, ingiza ncha ya chanuo cha chuma chenye meno mapana, ku mwisho wa manyoya, toa kidogo, ingia kidogo zaidi. Chanuo cha plastiki ya watoto kinavunjika. Ukiona ngozi inapanda pamoja na vidole vyako, umevuta sana. Regeza.

Na usimalize siku moja. Dakika tano, saba, kisha mupe kipande cha samaki na umuache aende. Mukia ukianza kupiga kulia na kushoto, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mugongo ikitetemeka, kikao kimefungwa. Sisi watu wa sendika tunajua: ukilazimisha upande wa pili ubaki ku meza usiku kucha, wanaweka saini yoyote, na kesho hawarudi tena. Fundo la kwapa ya kushoto ya Kapita lilichukua siku sita. Upande wa kulia ulikuwa na nyuzi za munganga.

Kuna mafundo yasiyofunguka. Ukishindwa kupitisha hata jino moja la chanuo kati ya fundo na ngozi, acha. Hapo inatakiwa mashine ya kunyoa, siyo makasi. Munganga anatumia mashine ya wanyama yenye wembe mufupi, ule wanaouita namba 10, unaoacha manyoya ya milimita moja na nusu hivi, na unapita sambamba na ngozi, chini ya fundo, ngozi ikiwa imenyooshwa na mukono. Fundo linatoka zima kama kofia.

Najua swali linalokuja: na ile mashine ya kinyozi wa avenue? Sikukatazi kabisa kwa fundo dogo la mugongoni, lakini sikia hatari zake. Meno yake yametengenezwa kwa nywele za watu, yanameza ngozi laini. Inapata moto, weka wembe ku ngozi ya ndani ya mukono wako kila dakika, kama wewe hauvumilii, paka pia havumilii. Umeme ukikatika katikati, unabaki na paka nusu na hasira nzima. Halafu kuna choa: paka wanaubeba na kuupitisha kwa batoto. Ukiona viduara visivyo na manyoya, vyenye magamba kama pumba, usitumie mashine inayoenda kesho kichwani kwa mutoto wa jirani. Ku kwapa, ku tumbo, ku chuchu za jike na kati ya mapaja, achia munganga.

Kama mafundo yameshikana yote, mugongo mpaka tumbo, paka amevaa kama blanketi gumu, hiyo si kazi ya nyumba hata kidogo. Munganga atamulaza na dawa. Usimupe weye vidonge vya usingizi vya mama mukwe. Na hapa nasema kwa sauti kubwa: usimupe paka parasetamoli. Mutu akiona paka ana maumivu, wazo la kwanza ni kuvunja kidonge nusu. Mwili wa paka hauwezi kuvunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha mutu kinatosha kumuua. Vile vile zile dawa za viroboto za mbwa zenye permetrini: kwa mbwa sawa, kwa paka ni sumu, anatetemeka mpaka anakufa. Soma karatasi. Kama haina picha ya paka, uliza.

Sisi wa migodi tuko na fundo lingine la kwetu wenyewe: grise. Paka analala chini ya kamiyo, ku joto la injini, anarudi na mafuta meusi ku mugongo. Manyoya yanagandana kwa saa chache. Watu wanachukua esanse ao petroli ya taa, maana ku atelie njo tunavyoosha mikono, na hata ile ni mbaya, nimesema sana. Kwa paka ni mara mbili mbaya: inaunguza ngozi, halafu anailamba na kuimeza, mapafu yanaharibika. Fanya hivi. Mufunge mu kitambaa asijilambe. Paka mafuta ya kupikia juu ya grise, sugua na vidole mpaka iyeyuke, futa na kitambaa kikavu, rudia. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuosha masahani, kidogo, suuza vizuri, kausha. Hapa maji yanaruhusiwa, sababu adui ni mafuta. Na kama kilichomwagika ni maji ya radiatere, yale ya rangi yenye kuonja tamu, osha miguu yake na ukimbie kwa munganga bila kungoja alama. Kiasi kidogo sana kinaua figo.

Ile salopete pia. Paka anapenda kulala juu yake ukiivua. Vumbi la kazi linabaki ku manyoya, na paka kila kitu kilicho ku manyoya anakimeza kwa ulimi. Tundika salopete juu, ao iache ku kazi kama kuna pahali. Kwa batoto sababu ni ileile.

Kitu kilichonishangaza zaidi kwa munganga ni swali lake. Hakuuliza nilikatia na nini. Aliuliza: "Tangu lini aliacha kujitengeneza?" Paka wa manyoya mafupi akianza kufanya mafundo, karibu kila mara kuna jambo nyuma yake. Anaweza kuwa muzee, viungo vinauma, hawezi tena kugeuza shingo kufika mugongoni. Anaweza kuwa munene, tumbo linamuzuia kufika nyuma. Meno yanaoza, ulimi unauma. Figo, kisukari. Akifungua kinywa unasikia harufu, ao anakunywa maji sana kuliko zamani, ao anapunguka wakati anakula vizuri, sema hivyo kwa munganga. Fundo ni kama ile sauti ya pompe inayobadilika. Fundi mwenye akili haongezi grise tu akaondoka.

Na chakula. Hii inaniuma kusema, najua hali ya nyumba zetu mwisho wa mwezi. Paka si kama mbwa, hawezi kuishi na bukari na supu ya majani. Mwili wake unataka nyama ao samaki, kuna vitu hauwezi kuvitengeneza bila hivyo. Bila hivyo manyoya yanakauka, yanakatika, yanafungana. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa vinasaidia, matumbo ya kuku yaliyopikwa, tusamaki tukavu kama tumelowekwa kwanza kutoa chumvi. Na panya anaowakamata, bila shaka, ila si panya waliokula sumu.

Kuzuia mafundo ni kazi ya dakika chache. Paka murefu, kila siku ao siku mbili kwa moja, chanuo cha meno mapana toka kichwa kwenda mukia, kisha vidole mu makwapa na nyuma ya masikio, kutafuta kile kinachoanza. Fundo la siku moja linafunguka na pumzi. Paka mufupi, mara moja kwa wiki inatosha. Anza angali mutoto akuzoee. Kamba ya shingo ambayo batoto wamefunga, itoe. Chini yake mafundo yanazaliwa, na paka anaweza kunyongwa ku miti. Baada ya majani, toa mbegu kabla hazijaingia. Kama alinyolewa, kumbuka baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba: hapa juu Katanga usiku inashuka chini ya digri 10, naye amevuliwa kanzu. Mupe sanduku na gunia ndani ya nyumba, na mchana asikae juani sana, ile ngozi ya pinki inaungua.

Mupe pia hesabu ya kweli kwa wale wanaofikiria kuchukua paka wa manyoya marefu kutoka kwa mugeni anayeondoka, maana kila mara mradi unafungwa, nyumba zinaachwa na wanyama ndani. Ni muzuri, batoto wanamupenda. Lakini ni dakika kumi kila siku, miaka kumi na zaidi. Kama mu nyumba hakuna mutu wa dakika hizo kumi, achukue jirani. Mu Lubumbashi kuna Faculté ya waganga wa wanyama ku Université. Wanafunzi wake wanatawanyika mu miji yetu, ulizeni karibu na soko la mbuzi na kuku, utaonyeshwa mumoja. Muulize bei mbele ya kuleta mnyama, na uliza kama unaweza kulipa mara mbili. Wangu alikubali.

Ku nyumba yangu, kazi hii imechukuliwa na binti. Mimi nimepewa kazi ya kushika kichwa. Kila jioni, kama siko ku kazi ya usiku, tunakaa ku baraza mbele ya giza, chanuo cha chuma ku magoti yake, Maïzena mu kikopo cha nyanya. Anaanza na masikio. Akifika ku kwapa ya kulia, pale manyoya yaliyota upya juu ya kovu yakiwa meupe zaidi, anasimamisha mukono na kuniangalia. Mimi ninaangalia barabara. Kapita ananguruma kama kompresere ndogo, kisha dakika ya saba mukia unapiga mara moja ku mbao, na binti anasema: "Papa, muachilie."